Kikopo cha Karura

Jana binti yangu alikuwa akitafuta sindano ya kushonea kifungo cha sare, akavuta ile droo ya chini ambayo hata mimi huifungua mara moja kwa mwaka. Akatoka na kikopo cheusi chenye kifuniko cha kijivu, kirefu kidogo kuliko kidole gumba.

"Mama, hii ni dawa ya nani?"

Nikamwambia si dawa, ni kikopo cha filamu ya kamera. Amezaliwa 2013, hajawahi kuona kamera ya filamu, kwa hiyo nikaanza kueleza. Kabla sijafika mbali alikuwa ameshakifungua na kukinusa, akanipa na mimi ninuse. Ukungu. Karatasi iliyolowa halafu ikakauka. Na kwa mbali sana, udongo wa Karura, ule msitu wa Nairobi. Nikavuta kiti nikakaa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Machi 2020. Tarehe siwezi kuisahau kwa sababu Ijumaa iliyofuata ndipo ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Rafiki yangu, tunayemwita Mwalimu, alikuwa amenialika kwa miezi: njoo Karura, tunatembeza mbwa na kutafuta jiokeshi, yaani vikopo ambavyo watu huvificha na wengine huvitafuta kwa GPS, ile ramani ya satelaiti kwenye simu. Kila mara nilikuwa na sababu. Nguo za kufua, kanisa, mtoto ana mafua. Sababu yenyewe sikuwahi kuitaja.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoumwa na mbwa wa jirani, mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Bibi alinikalisha kando ya karai akaosha kidonda kwa sabuni ya kipande na maji, akaosha na kuosha, huku mimi nikipiga mayowe mpaka watu wakaja kuchungulia. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba mikono ile ya bibi ilifanya kazi ya daktari kabla ya daktari, maana kidonda cha mbwa kinatakiwa kuoshwa hivyo hivyo, kwa sabuni na maji mengi, papo hapo, ndipo uende hospitali. Kisha zikaja sindano: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Tangu hapo, nikiona mbwa nahamia upande wa pili wa barabara. Na kwetu mbwa hakuwa mnyama wa kuzoewa. Mchana alifungiwa kwenye banda, usiku akafunguliwa alinde boma. Nani angemshika kichwa?

Siku hiyo nilikubali, na mpaka leo sijui kwa nini.

Tulikutana Karura, geti la Limuru Road, wanne na mbwa wawili. Bosi, mweusi, wa Shemeji. Kahawa, jike la kienyeji, sikio moja limelala, ambaye Mwalimu alimchukua KSPCA, shirika la kutunza wanyama, akiwa mifupa mitupu. Wote wawili kwenye kamba, ndiyo sheria ya pale. Nilitembea nyuma yao hatua kumi.

Njiani Mwalimu alitupa historia ya mchezo kama yuko darasani. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga GPS ya raia makusudi, kifaa kikakosea hata mita 100. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na tarehe 3 ya mwezi huo huo bwana mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo nyeusi porini Oregon, ndani yake vitabu, vikorokoro na manati, akatangaza kwenye intaneti mahali ilipo. Ukiipata, chukua kitu, acha kitu, andika jina. Basi. Leo vikopo viko dunia nzima, na watu wanapita kando yake kila siku bila kujua.

Akatukumbusha pia kwamba tulikuwa tunakanyaga ardhi ambayo ilinusurika kuwa nyumba za matajiri. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikuja kwenye msitu huu kupanda mti, akapigwa na walinzi wa kukodiwa mpaka kichwa kikapasuka, akaenda kuandikisha ripoti polisi na kuitia sahihi kwa damu yake. Hapo hata Shemeji, ambaye hanyamazi, alinyamaza. Zaidi ya hekta 1,000, kima wanaruka juu, watoto kwenye baiskeli, na sisi na mbwa wetu. Mtu alilipia.

Mapango ya Mau Mau tuliyapita, maporomoko tuliyapita. Kikopo cha kwanza tulikipata upesi, cha pili hatukukiona. Cha tatu kilitupeleka kwenye kisiki kikubwa kando ya njia, na simu chini ya miti ile haikutulia: mara mita nne, mara mita kumi na moja, mara nyuma yetu. Wingu lilikuwa limeshuka. Mwalimu akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye tundu la kisiki, akautoa haraka. Siafu. Alihitaji mikono yote miwili, mmoja wa kutafuta na mwingine wa kujipangusa. Bila kuniangalia akanyoosha kamba kwangu.

"Nishikie."

Nikaishika. Sikumwambia chochote. Nilishika ile kamba mbali na mwili, mkono umenyooka kabisa, macho kwenye meno ya Kahawa. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anaangalia juu, lile sikio moja limesimama, lingine limelala kama kawaida yake. Ndipo radi ikapiga, upande wa Kiambu, ndefu, ile inayoburuta. Kahawa akarudi nyuma mpaka akagota kwenye mguu wangu. Mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, pale pale. Nikafumba macho.

Hakuna kilichotokea. Nilichosikia ni mtetemo, nikadhani ni mimi. Kumbe ni yeye. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, mbavu zikipanda na kushuka haraka, na uzito wake wote ameuegemeza kwangu, kama mtoto anavyojibana kwa mama yake kwenye matatu iliyojaa. Nilisikia joto lake likipita kwenye suruali. Radi ya pili ikapiga, akajisogeza zaidi, na mkono wangu ukashuka wenyewe. Ulitua shingoni mwake. Manyoya ya juu makavu na magumu, ya chini laini sana. Nikamwambia, "Pole, mama. Pole." Ndivyo bibi alivyokuwa akiniambia kwenye karai.

"Nimekipata!" Mwalimu alipiga kelele. Sikugeuka mara moja.

Kifuniko kilikuwa na ufa na maji yalikuwa yameingia. Tulikunjua karatasi polepole kwa ncha ya jani. Walioandika kwa wino walikuwa wamefutika, bluu imesambaa kotekote. Waliotumia penseli ndio waliobaki. Mstari mmoja ulisomeka vizuri: tumekuja na nyanya, miaka 81, amefika mwenyewe kwa miguu. Hatukuweza kuandika yetu, karatasi ilikuwa inachanika. Mimi nikasema nitakichukua, nikaushe, niweke karatasi mpya, nikirudishe Jumamosi ijayo. Mwalimu alisita. Kwa desturi, kikopo ni cha aliyekificha, wengine wanakirudisha walipokikuta. Nikasisitiza. Kisha mvua ikatufukuza.

Jumamosi iliyofuata nchi ilikuwa nchi nyingine. Baada ya hapo Mwalimu alihamia Eldoret, Kahawa akafa 2022, na kikopo kikakaa chini ya nyuzi. Ninawafikiria waliokuja nyuma yetu, wakapiga magoti kwenye kile kisiki, wakaumwa na siafu, wakaondoka mikono mitupu. Huenda yule nyanya alitaka kurudi kuliona jina lake.

Binti alikunjua karatasi juu ya meza, akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Jina lako liko wapi?"

Nikamwambia halipo. Na kwenye mchezo huu, kama jina lako halimo kwenye karatasi, hujakipata.

Akachomoa penseli kwenye mkoba wa shule. Nikamzuia. Nikasema tukiandika, tuandikie pale pale kwenye kisiki, tukishapata kifuniko kizima. Akauliza lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza kama tunaweza kwenda na mbwa.

"Hatuna mbwa."

"Najua, Mama," akasema, akaendelea kushona kifungo chake.