Nilivyoacha kugonga namba za ibara kwa mkono

Mzee alirudi steshenari ninapochapia watu kazi zao, saa kumi jioni na katiba ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, niliyoichapa mwenyewe wiki iliyotangulia, pamoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, wanachama wamekaa jana. Hii ya mfuko wa jamii iingie baada ya ibara ya 6."

Nikamwambia anipe dakika tano. Saa moja usiku nilikuwa bado nimeinamia kompyuta. Katiba ilikuwa na ibara 31, na kila namba nilikuwa nimeigonga kwa kidole. Ya 7 ikawa 8, ya 8 ikawa 9, hadi mwisho. Hiyo ni kazi ya jasho tu, inaisha. Balaa lilikuwa kwenye rejea zilizojificha ndani ya maandishi: "kwa mujibu wa ibara ya 12(2)", "kama ilivyoelezwa katika ibara ya 19". Nilizisahihisha nilizoziona, nyingine zikanipita.

Kesho yake Mzee akaja anacheka. Ibara ya kufiwa ilisema mwanachama akifariki atashughulikiwa kwa mujibu wa ibara ya 19. Zamani 19 ilikuwa mafao ya msiba. Sasa ilikuwa faini ya kuchelewa kikao. Marehemu anadaiwa faini!

"Si ungeandika tu 6A, kama kwenye katiba ya nchi?" akaniuliza. Kweli, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina ibara ya 107A na 107B. Lakini kule sheria nyingine na hukumu zimeshazitaja namba za zamani, ukizisogeza unavuruga vyote. Yetu ilikuwa rasimu, haijafika hata halmashauri kusajiliwa. Ianze maisha na viraka kwa nini?

Kitufe cha namba kwenye Word nilikijua siku nyingi, na kwa orodha ya mahitaji ya harusi kinatosha. Tatizo langu ni kwamba nilikuwa nakibonyeza upya kila baada ya kichwa cha sura: huku namba zinaanza 1, kule zinaendelea, mwishowe faili moja lina orodha sita zisizojuana.

Kilichonitoa ni kufunga namba kwenye staili, yaani mwonekano wa aya uliohifadhiwa kwa jina. Jirani na kitufe hicho kuna cha orodha ya ngazi nyingi, na chini ya menyu yake kuna mahali pa kutengeneza orodha mpya. Dirisha likifunguka, bonyeza kwanza kitufe cha kulipanua kilicho chini kushoto. Mimi nilikaa miaka bila kukiona, na jambo lenyewe limefichwa humo: kila ngazi unaweza kuiunganisha na staili yake. Staili ya kichwa cha kwanza (Heading 1) nikaipa ibara, ya pili ibara ndogo (1), ya tatu aya (a), ya nne (i). Kwenye kisanduku cha muundo wa namba, ile tarakimu yenye kivuli cha kijivu usiifute ukaandika yako. Mimi niliifuta, na kila ibara ikawa ya 1. Mabano unaweza kuyaongeza pembeni yake bila shida.

Sura nazo nilitaka ziingie kwenye ngazi. Ibara zikawa zinaanza upya kila sura, jambo ambalo katiba haitaki, na kwenye orodha ya mitindo ya namba sikuona "Kwanza, Pili, Tatu". Nikazitoa kabisa, nikazipa staili yake isiyo na namba na kuandika SURA YA KWANZA kwa mkono. Sura tano hazimchoshi mtu, na ibara zikahesabika moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo kuchapa kulikuwa rahisi: Alt na Ctrl pamoja na 1, aya inakuwa ibara; pamoja na 2, ibara ndogo. Umbali wa maneno kutoka ukingoni niliuweka kwenye dirisha lilelile. Ukianza kuvuta rula kwa kila aya, umerudi ulikotoka.

Rejea zilinichukua mchana mzima. Kila "ibara ya 19" niliifuta namba, nikaenda kwenye kichupo cha marejeo, nikafungua Cross-reference, nikachagua aya yenye namba ninayoitaka, na kuagiza namba kamili ili ije 12(2) badala ya (2) peke yake. Namba hizo hazijisahihishi papo hapo. Unachagua faili zima kwa Ctrl na A, kisha F9.

Wiki iliyofuata Mzee akaja tena: ibara ya mkopo wa dharura ifutwe. Nikaifuta akiwa amesimama nyuma yangu, nikabonyeza F9. Namba zote zikasogea, ila ukurasa wa tisa yakatokea maneno ya Kiingereza yaliyokoza, yakilalamika kwamba kinachorejewa hakipo. Nikamsomea sentensi yenyewe: mweka hazina ataidhinisha malipo ya haraka kwa utaratibu wa ibara ile tuliyoifuta.

Mzee akavaa miwani, akaisoma mara mbili. "Kumbe huyu alikuwa anamtegemea yule," akasema. "Usichape kwanza. Ngoja nikawaulize wenzangu."