Shosho na Mlango wa Mabati

Mlangoni siku hiyo nilikuwa mimi. Mkono wa kulia nimeshika kile kipima joto kinachofanana na bastola, wa kushoto daftari la kuandikia majina na namba za simu. Ilikuwa Jumapili ya kwanza kanisa letu la Kawangware, Nairobi, kufunguliwa tangu lifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, na masharti ya serikali ya mwezi ule wa Julai tulikuwa tumeyabandika ukutani kwa selotepu: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, aliye chini ya miaka 13 asiingie, aliyepita miaka 58 asiingie.

Shosho, yaani bibi yangu, alikuwa na miaka 74.

Nilimwona tangu akiwa kule kwa wauza makaa, anakuja polepole, kitambaa cheupe kichwani, barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemweleza yote, naye akanijibu, "Tutaona." Mimi nimepewa jina la marehemu mume wake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mzee wangu.

"Mzee wangu, niandike."

"Shosho, si tulizungumza?"

"Tulizungumza. Sasa niandike."

Nikampima joto. Nyuzi 36.2. Sijui kwa nini nilimpima, maana joto halikuwa neno. Nyuma yake foleni ilikuwa imesimama, kila mtu kwenye alama yake ya chokaa, na wote walikuwa wanamjua. Nikaona bora nitumie Maandiko. Nilikuwa nimemaliza kozi ya Biblia ya jioni mwaka uliotangulia na kichwa kilikuwa bado cha moto. Nikamkumbusha Stefano, kabla hawajampiga mawe, alivyowaambia wale wazee kwamba Aliye juu hakai katika nyumba zilizofanywa kwa mikono. Nikamtajia Sulemani, ambaye siku ileile ya kuliweka wakfu hekalu alikiri kuwa mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile. Nikamalizia na yule mwanamke Msamaria kisimani: si mlima huu, wala si Yerusalemu.

"Kwa hivyo hata nyumbani Mungu yuko, Shosho. Rudi ufungue redio."

Alinisikiliza hadi mwisho. Huwa hamkatizi mtu anayenukuu Biblia.

"Sijasema Mungu amefungiwa humo," akasema. "Nimesema niandike."

Sikumwandika. Akageuka, akavuka barabara, akaketi kwenye kreti la soda nje ya kibanda cha mboga, uso ukielekea kwetu.

Ni vizuri nieleze jengo lenyewe, maana anayesikia "kanisa" anaweza kufikiria la mawe. Pale mjini, kando ya Uhuru Park, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwekewa jiwe la msingi 1917, likaja kuwekwa wakfu 1952. Miaka 35. Letu lilisimama kwa wiki mbili. Nguzo za miti, mabati pande zote, sakafu ya saruji ambayo ilipasuka kabla haijamaliza mwaka. Mvua ikinyesha mhubiri hunyamaza, kwa sababu hata akipiga kelele hasikiki. Shosho alitoa mabati mawili kwa pesa za chama chake cha akiba, na aliyajua ni yapi: yale ya juu ya mlango, upande wa kushoto. Kila Jumamosi, kwa miaka zaidi ya kumi, ndiye aliyekuwa akipiga deki.

Hilo Kanisa Kuu nalo lilishanichanganya akili nikiwa mdogo. Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani wakawapiga humohumo, na nyumbani kwetu watu wazima waliongea habari hiyo kwa wiki nzima. Walikuwa watu walewale ambao kila Jumapili waliimba kwamba hekalu ni mwili wako. Mbona basi walisema patakatifu pamenajisiwa? Kwenye kozi yangu ya jioni swali hilo halikuulizwa.

Ibada ilianza. Nikabaki mlangoni, kwa hiyo niliona pande zote mbili. Ndani walikuwa 60 na kitu, wawili wawili kwenye benchi za watu watano, nyimbo zikitoka nyembamba chini ya barakoa. Ng'ambo, ndani wakisimama, Shosho anasimama. Wakiomba, anainamisha kichwa, bodaboda zikimpita miguuni na mwenye kibanda akiendelea kukata sukuma wiki. Mabati yetu hayazuii sauti. Siku hiyo niliyashukuru kwa hilo.

Wakati wa sadaka kijana wa kibandani alivuka akaniletea noti ya shilingi hamsini iliyokunjwa ndogo kama kidonge.

"Shosho anauliza kama pesa nayo imepita miaka 58."

Niliichukua. Nikaitia kapuni. Uso ulinichoma mpaka leo nikikumbuka unachoma.

Jioni nilimpelekea maziwa. Hakunisema. Alinisimulia habari za baba yake kule Murang'a, ambaye kabla hajabatizwa alikuwa akiamka alfajiri, anasimama uani, anainua mikono kuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Nikamuuliza kama kweli waliamini Ngai, Mungu wa Wakikuyu, anakaa pale juu kwenye theluji.

"Baba hakuwa mjinga," akasema. "Alijua Ngai anamsikia hata akigeukia zizi la mbuzi. Lakini ukigeukia mbuzi, utawaza mbuzi." Kisha akaniuliza kama maziwa yamepanda bei.

Nilifikiri mambo ya mlangoni yameisha. Jumamosi iliyofuata nilipita kanisani kuongeza sabuni kwenye mtungi wa kunawia mikono nikakuta kufuli limefunguliwa. Ndani kulinukia sabuni ya unga. Shosho alikuwa amepiga magoti karibu na madhabahu, yaani ile meza yetu ya mbao yenye kitambaa cha kufuma, sketi ameifunga kiunoni, akisugua ule ufa wa sakafu kwa brashi ya nguo. Jua lilikuwa likiingia kupitia matundu ya misumari na kuangukia sakafu iliyolowa, vidoa vidogo vidogo.

"Shosho, nani amekufungulia?"

"Nina ufunguo tangu kanisa lijengwe. Ile karatasi yenu nimeisoma. Imesema ibada. Haikutaja deki."

Sikuwa na aya ya hilo. Nikapiga hatua moja kuingia, nimsaidie ndoo.

Hakuinua hata kichwa. "Mzee wangu, vua viatu," akasema. "Hapo nimetoka kupasugua."