Jina la Mti Halitoshi

Daftari langu la kwanza la utafiti wa dawa za asili lilikuwa na safu tatu tu: jina la mti, sehemu inayotumika na ugonjwa unaotibiwa. Nililijaza kwa bidii katika vijiji vya Muheza, huku nikibana majani katikati ya magazeti, nikiamini kwamba kazi iliyobaki ni ya maabara.

Bibi mmoja mganga alinikaribisha nimtazame akitengeneza dawa ya homa. Aliitwanga mizizi mibichi, akailoweka katika maji baridi ya mtungi, akaifunika kwa kawa tangu magharibi hadi alfajiri, ndipo akaikamua kwa kitambaa cheupe. Nilipomuuliza kwa nini haichemshi, alinijibu, “Mwanangu, moto unaiua.” Sikuliandika jibu hilo, kwa kuwa daftari halikuwa na mahali pake.

Nililikumbuka kwa majuto niliposoma kazi ya Tu Youyou, mtafiti wa Beijing ambaye mwaka 1969 alikabidhiwa kikundi cha kutafuta dawa ya malaria katika tiba asili ya China. Mmea uitwao qinghao ulijulikana tayari, ila dawa iliyokamuliwa kutoka kwake ilikuwa leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, alikuta agizo la kuloweka konzi ya mmea huo katika maji, kuukamua na kuyanywa yote, kuchemsha hakukutajwa. Alihisi kwamba huenda joto ndilo linaloiharibu dawa, akaikamua dawa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na Oktoba 1971 dawa hiyo ikaangamiza vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Humo ndimo ilimopatikana artemisinini, asili ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo orodha ndefu za miti-dawa zisizosema ulowekaji, kipimo wala majira ya kuchimba naziona pungufu mno, na yangu ilikuwa mojawapo. Nimerudi kwa bibi yule mara mbili. Nimepima maji kwa kikombe chake mwenyewe, nimeandika saa za kuloweka, na sampuli ninazopeleka maabara sasa ni mbili za mzizi uleule: moja imechemshwa, nyingine imelala mtungini.