Usiku tuliochomoa kebo ya tawi makusudi

Juzi kazini umepita mstari mmoja kwenye skrini, ruta (kifaa kinachoelekeza pakiti za mtandao) inasema interfesi fulani, yani mlango wake mmoja wa laini, imeenda chini, kitu cha kila siku tu, ila mkono ukasimama kwenye kibodi manake nilimkumbuka Mzee niliyekuwa nafanya naye kazi, na ule usiku wa Frame Relay, teknolojia ya zamani ya kuunganisha matawi kupitia kampuni ya simu.

Enzi zile matawi yetu yote yalikuwa yanaingia makao makuu kupitia laini moja ya siriali, kebo moja nene kutoka kwenye ruta kwenda kwenye modemu, na humo humo ndo zinapita PVC, yani njia za kudumu za mtandao, za matawi yote, kila moja na DLCI yake. DLCI ni namba ya hapo hapo tu kati ya ruta yako na swichi ya kampuni ya simu, kwangu inaweza kuwa 102 na kwa tawi ikawa 201 na ni laini ile ile. Za kutumia zinaanzia 16 mpaka 1007, zingine zina shughuli zake. Kilichopo katikati sisi tulikuwa tunachora wingu, basi.

Sasa tawi moja likakatika asubuhi, na ISDN, laini ya akiba inayopiga kama simu, haikupiga. Siku nzima tawi limekaa gizani na laini ya akiba ipo pale pale, imelipiwa, nzima kabisa! Iliniuma sana hii. Sababu yake nikaikuta jioni: matawi yote yalikuwa kwenye interfesi moja ya pamoja, subneti (kundi la anwani) moja, na njia tunaziandika kwa mkono. Ruta yetu inaongea na swichi ya jirani kwa LMI, maulizo ya kujua laini ziko hai, kila sekunde 10 inauliza na inajibiwa, kwa hiyo yenyewe ilikuwa inaona mambo safi, interfesi iko juu, njia ya tawi iko kwenye jedwali la njia, na pakiti zikaendelea kupelekwa kule kule na kufia mlemle. Njia ya akiba haiwezi kuingia kama ya kwanza haijaondoka.

Nikamwambia Mzee tuwape kila tawi interfesi ndogo yake, ile unamalizia amri na neno point-to-point, yani ya moja kwa moja, PVC moja tu ndani yake, subneti yake ya /30 yenye anwani mbili, yetu na yao. PVC ikifa na interfesi yake inakufa, njia inaondoka. Mzee hakupenda. Yeye alitaka config (maandishi ya mipangilio ya ruta) fupi, anasema config fupi ndo utakayoielewa saa nane usiku ukiwa umechoka, na hapo kwa kweli hakukosea, manake kazi ya kuandika ilikuwa ndefu: toa IP kwenye interfesi kubwa, iachie encapsulation (namna ya kufunga pakiti) tu, unda ndogo moja moja, hamisha DLCI. Tena ruta za wakati ule ulikuwa ukishaunda interfesi ndogo ya matawi mengi, hata ukiifuta huwezi kuirudisha kwa namba ile ile kama ya moja kwa moja mpaka uizime ruta uiwashe upya. Tukakwepa kwa kutumia namba mpya, interfesi .102 kwa DLCI 102, .103 kwa 103, mpaka mwisho. Hiyo namba kufanana na DLCI naipenda mpaka leo, ukisoma logi (kumbukumbu za ruta) unajua tawi gani bila kufungua daftari.

Halafu ikabaki kujaribu. Kuna dada wa lile tawi alikubali kubaki usiku, nikampigia.

"Dada, legeza zile skrubu mbili za kebo nene nyuma ya ruta, halafu ichomoe."

"Nimechomoa, kaka."

Nikaangalia PVC. ACTIVE, yani bado hai. Swichi inaleta orodha kamili ya hali za PVC kila baada ya maulizo sita, yani inaweza kupita dakika nzima kabla ruta haijajua, na hilo nilikuwa nalijua vizuri, lakini kulijua ni kitu kimoja na kuingoja hiyo dakika huku Mzee amesimama nyuma yako ameshika mgongo wa kiti ni kitu kingine. Mshale wa juu, enta. ACTIVE. Kwenye simu nasikia dada anapumua tu, hasemi kitu. Enta. ACTIVE. Nikaanza kuisoma upya config yote kichwani, kwamba labda DLCI imebaki kule kwenye interfesi ya zamani. Enta.

INACTIVE.

Mara logi ikashuka, .102 imeenda chini, njia ya kwanza ikatoka kwenye jedwali na ile ya akiba yenye umbali 200 (namba kubwa, ili isubiri mpaka ya kwanza iondoke) ikakaa mahali pake, ISDN ikaanza kupiga.

"Kaka subiri... imefunguka! Inakwenda polepole lakini imefunguka!"

Nilipiga meza. Mzee akanipa mkono, akauliza hapo hapo: "Haya, kebo umeichomoa wewe. Ikikatika kule ndani ya wingu, na swichi yetu ikaendelea kukwambia ACTIVE je?"

Sikuwa na jibu. LMI ni maneno ya jirani, haitoki kwa tawi lenyewe. Na Frame Relay imeshaondoka ila swali limebaki, hata taneli ya GRE, njia ya kubuni inayopita juu ya mtandao mwingine, usipoiwekea keepalive (salamu za kupima uhai) inakaa juu tu ilimradi kuna njia ya kufika anwani ya pili, hata kama huko hakuna mtu. Siku hizi kuna BFD, ilitoka kwenye waraka wa viwango RFC 5880 mwaka 2010, ruta mbili zinasalimiana zenyewe kwa milisekunde. Ila ukiikaza sana inaangusha laini iliyochelewa kidogo tu, ukiilegeza unarudi kule kule kungoja. Mimi huwa naanza na milisekunde 300 mara 3, yani salamu tatu zikikosekana laini imekufa, halafu nabadilisha nikiona laini inayumba. Sijui kama Mzee angekubali.