Nyumba ya Kiponda, kabla hatujalipa

Jumapili usiku

Nyumba tunayoitaka mimi na mume wangu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chini ni duka lenye milango ya kukunja, juu yake ghorofa mbili, na mbele kuna roshani ya mbao inayoangalia njia nyembamba. Ilijengwa miaka ya 1920 na familia ya wafanyabiashara wa Kihindi, na mpango wake unaonesha hivyo: biashara chini, maisha juu. Mimi nimelelewa Ng'ambo, kwenye maghorofa ya Michenzani, na tangu nikipita mitaa hii kwenda skuli nimekuwa nikitamani kuishi ndani ya kuta zile nene ambazo saa nane mchana bado zina ubaridi.

Kila ninayemwambia ananiuliza neno hilohilo: nyumba ya miaka mia, haitakuangukieni? Hofu hiyo naielewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la masultani, ilianguka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki. Jengo lile Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, na sote tulikuwa tukiliona kama kitu kisichoweza kutikisika. Tangu siku ile, watu wa Mji Mkongwe tukipita chini ya roshani tunatazama juu.

Lakini kadiri ninavyoichunguza nyumba hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba umri si ugonjwa wake. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa mizuri. Kinachonitia wasiwasi ni miongo mitatu hii ya mwisho, ukutani na kwenye karatasi vilevile.

Nianze na ukuta, maana huko ndiko nilikojifunza mengi. Tulikwenda na fundi mzee aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake. Hakutaka kuingia ndani kwanza. Alipanda hadi ghorofa ya juu, akateremsha timazi dirishani, kisha akashuka kutazama uzi akiwa njiani. Uzi ulikuwa huru karibu na paa, ukagusa ukuta pale kwenye usawa wa sakafu ya ghorofa ya kwanza, halafu ukawa huru tena mpaka chini. "Mwanangu, ukuta umetoa tumbo," akasema. "Sasa twende ndani tukaulize kwa nini."

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, unene wake unakaribia urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni. Si ukuta wa tofali. Unanyonya maji masika na kuyatoa kiangazi, na chokaa iliyopakwa juu yake inaruhusu mvuke upite. Ndani ya ukumbi wa chini, hata hivyo, mtu aliupiga ukuta plasta ya saruji mpaka usawa wa kifua, akaupaka rangi ya mafuta inayong'aa. Nadhani aliona unyevu akataka kuuficha. Fundi aligonga kwa kifundo cha kidole, ukajibu mtupu. Akabandua kipande kwa patasi: nyuma yake udongo ulikuwa mbichi, na juu ya mawe umejitandaza unga mweupe. Akaugusa kwa ulimi. Chumvi.

Maji yaliyonaswa nyuma ya saruji hayana pa kutokea, basi hupanda juu yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka inavimba na kulivunjavunja jiwe kutoka ndani. Udongo uliokuwa gundi ya mawe unakuwa tope. Ndiyo maana nasema aliyeitengeneza nyumba hii kwa saruji aliidhuru kuliko mvua ya miaka yote iliyotangulia. Nasema hivyo kwa uchungu, maana naiona kazi hiyohiyo nyumba baada ya nyumba, na watu wanalipa fedha nzuri wakidhani wanaimarisha.

Dari ndiyo iliyonikalisha kimya. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko ulionyooka haurefuki sana, vyumba vya nyumba za zamani havizidi upana wa mita tatu hivi. Nilikuwa nikidhani wajenzi walipenda vyumba vyembamba. Kumbe ni mti uliowapimia. Juu ya boriti kuna mawe madogo na chokaa nzito iliyopondwapondwa. Wazee wanasimulia jinsi watu walivyokuwa wakipiga sakafu kwa vigongo siku kwa siku huku wakiimba, mpaka ikashikana. Sakafu hiyo bado ni ngumu. Fundi alichukua bisibisi akaichoma boriti katikati: haikuingia hata kidogo, mbao kavu, ngumu kama siku iliyokatwa. Kisha akasogeza ngazi mpaka pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani, akachoma tena, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Mchwa na unyevu vimeanzia hapo, ndani ya ukuta ambapo hakuna anayeona. Boriti nne upande huo ni vivyo hivyo, na ni upande uleule wenye tumbo.

Tulipopanda juu ya paa tukapata sababu yenyewe. Matangi mawili ya plastiki, kila moja la lita elfu moja, yamewekwa juu ya ukuta ule na juu ya boriti zile. Lita elfu ni tani moja, na bomba la tangi mojawapo linavuja tone kwa tone hadi kwenye kona. Alipoujenga ukuta huu, mjenzi hakufikiria tani mbili za maji.

Kwa hiyo tunaweza kutengeneza? Fundi anasema ndiyo, na mhandisi kijana tuliyemleta baadaye amekubaliana naye katika mambo makubwa. Kubandua saruji yote, kuacha ukuta upumue msimu mzima, kubadilisha vichwa vya boriti, kuufunga ukuta, kurudisha plasta ya chokaa iliyoroweshwa vizuri. Kazi ya polepole. Mhandisi alipendekeza pia kumwaga zege juu kuwa sakafu mpya, na hapo fundi alikataa kwa sauti: uzito ule utaumaliza ukuta. Mimi niko na fundi.

Kuna ufa mmoja kwenye ngazi ambao hawakuafikiana kama bado unatembea au umeshatulia tangu zamani. Tumebandika vipande vya jasi juu yake na kuandika tarehe. Jasi ikipasuka, ufa uko hai. Nataka vikae hapo masika yote, na hili nimemwambia dalali wazi, ingawa anapiga simu akisema kuna mnunuzi mwingine. Nyumba ya mji huu inunuliwe baada ya mvua kubwa, wala si kabla.

Aliyenisaidia kuliko wote ni bibi wa nyumba ya jirani, anayeshiriki ukuta nasi upande wa kaskazini. Nilikwenda kumwamkia tu, akanikalisha barazani. "Mjukuu wangu, maji huingia kwa huku," akanionesha mlizamu wa paa lake, unaomwaga kwenye ukuta wetu. Alijua ni mwaka gani njia ilipandishwa kwa kutengenezwa upya hadi kizingiti cha duka kikawa chini ya usawa wa njia. Alijua pia nani alilala chumba gani. Akasema yeye yuko tayari kuuhamisha mlizamu tukigawana gharama. Hakuna ripoti ya mhandisi inayoweza kukupa hayo.

Karatasi nazo zina tumbo lao. Hapa Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992. Tunachonunua ni jengo na haki ya kutumia ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na nyingine nyingi ni wakfu, yaani zilitolewa sadaka ya kudumu, nazo haziuziki. Tulianza kwa kuuliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: hii si wakfu, na si ya serikali. Alhamdulillah. Familia ya sasa iliinunua kwa hati safi. Tatizo limekuja baada ya yule aliyeinunua kufariki, kwa sababu mirathi haikugawiwa. Mjane wake alikuwa na thumuni yake, fungu moja kati ya manane, naye akafariki. Mtoto mmoja akafariki, fungu lake likashuka kwa watoto wake. Sasa ni mirathi juu ya mirathi, na warithi wako Unguja, Maskati na Uingereza. Anayetuuzia ni mmoja tu kati yao, mtu muungwana, anasema wenziwe wameridhia. Kuridhia kwa simu hakutoshi. Hata mmoja akija baadaye kudai fungu lake, ana haki, na mimi sitaki kulala ndani ya haki ya mtu.

Kuhusu Mamlaka ya Mji Mkongwe sina la kulalamika. Watatutaka tubaki na madirisha ya mbao, tusiongeze ghorofa, tuombe kibali kabla ya kugusa chochote cha nje. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na ni haki yao kuulinda. Mimi mwenyewe nisingependa kuona dirisha la alumini pale.

Usiku huu tumeandika barua ya masharti. Warithi wote wafike Mahakama ya Kadhi au watume hati za uwakala, na mafungu yaandikwe. Matangi yashushwe sasa hivi, kwa gharama yetu, hata kama hatutanunua, kwa sababu mwenye duka na wanawe wanashinda chini ya ukuta ule kila siku. Bei ipungue kwa gharama ya boriti na ukuta. Na hakuna malipo ya mwanzo mpaka masika yapite na tusome jasi. Mume wangu anataka tuongeze muda wa kujibu, mimi naona mwezi mmoja unatosha. Kesho ataipeleka kwa dalali.