Singo, dera na dirisha la Mikocheni

Mara ya mwisho mwili wangu kuandaliwa kwa siku saba mfululizo ilikuwa 2007, Tanga, nikiwa mwari. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, alinifungia ndani, akanisugua asubuhi na jioni mpaka nikahisi nimemenywa, na hakuna aliyeniuliza nataka nini. Februari mwaka huu nimejiandaa tena, safari hii kwa hela yangu na akili yangu, nikapigwe picha za chumbani. Wapigapicha wanaziita boudoir, neno la Kifaransa la chumba cha faragha cha mwanamke, nalo limetokana na kitenzi cha kununa. Chumba cha kununia! Nilipolijua hilo nikasema basi zinanihusu.

Nina miaka 41, nafanya kazi kwenye duka la dawa Temeke, na picha ni zangu mwenyewe. Mambo ya usiri niliyamaliza kabla sijatoa malipo ya awali: mpigapicha mwanamke, simu zote ndani ya kapu mlangoni, karatasi ya kusaini kwamba hakuna picha itakayotoka bila idhini yangu. Leo nazungumzia ngozi, nywele na uso, maana huko ndiko nilikoharibu, mimi ninayewashauri wenzangu kaunta kila siku.

Nianze na magoti. Wanawake huja dukani wiki mbili kabla ya sherehe kuomba kitu cha kutoa weusi wa magoti. Wakikosa kwangu wanakwenda kukorogewa. Mkorogo nimeuona unavyomaliza watu. Kuna hidrokwinoni mle, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, pengine zebaki, pengine klobetasoli, krimu ya kutibu pumu ya ngozi ambayo mtu anajipaka mwili mzima kama losheni. Mwezi wa kwanza anang'aa. Halafu ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa inachungulia, michirizi inafunguka mapajani, na vifundo vya vidole vinakataa kabisa kufuata uso. Uso Fanta, miguu Koka, mtaani wanavyosema. Kamera nayo haina huruma, inaona yote hayo vizuri kuliko jirani yako.

Mimi, wiki sita kabla, nilianza krimu ya urea ya asilimia 10 usiku kwenye magoti na viwiko, na ya asilimia 25 kwenye magaga, soksi juu yake. Asubuhi mafuta ya mgando, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Urea haibadilishi rangi. Inalainisha ule ukavu unaofanya goti lionekane la kijivu, na hicho kijivu ndicho kinachochusha kwenye picha. Weusi wenyewe hauna kosa lolote.

Sasa kosa langu. Wiki tatu kabla niliamua kufanya jaribio la kila kitu, na namshukuru Mungu nililifanya mapema. Nikapika sukari na ndimu mpaka ikashika rangi ya asali, nikatoa nywele miguuni na kwapani. Kesho yake jioni, kwa furaha zangu, nikajipaka singo ya kusugulia mwili niliyoitengeneza mwenyewe: waridi kavu, liwa, maganda ya chungwa, mchele na karafuu, nikatwanga, nikalowanisha kwa maji ya mawaridi. Jamani! Kwapa liliwaka kama limepakwa pilipili. Karafuu ina mafuta makali, ndiyo yale madaktari wa meno wanayotulizia jino, na ngozi iliyotoka kung'olewa nywele haina ulinzi. Nililala nimejipaka kalamaini, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Nikampigia somo yangu. Amezeeka lakini ulimi bado uko vilevile. "Mwanangu, nani kakwambia singo inafuata sukari? Singo kwanza, nywele baadaye, kisha mwili unauacha upumzike. Nilikufundisha haya, ila wewe ulikuwa unalia tu."

Basi mara ya pili nikafuata ratiba yake. Picha Jumamosi. Singo Jumatatu, sukari Jumanne jioni, halafu sikugusa tena ngozi isipokuwa kwa maji na mafuta ya nazi. Tulipishana kwenye jambo moja tu, manjano. Yeye singo bila manjano haitambui. Lakini manjano yanakaa kwenye kucha na mikunjo ya shingo, na mpigapicha alikuwa ameshaniambia kitanda cha studio kina mashuka meupe. Niliyaacha, na sikumwambia.

Neno kwa wale wa krimu za retinoli, zile za mikunjo na chunusi: ziache angalau wiki moja kabla ya kung'oa nywele mahali unapozipaka, la sivyo ngozi inabanduka pamoja na nywele. Mteja wangu mmoja alikuja na kidonda juu ya mdomo, kina umbo la masharubu yaleyale aliyotaka kuyaondoa. Na kitu kipya chochote cha kupaka, kijaribu nyuma ya sikio au ndani ya mkono, ukiwa bado na siku za kutosha za kujutia.

Hina nilipaka Alhamisi, kwa sababu ikibanduliwa inakuwa ya chungwa, na inachukua siku moja hadi mbili kuiva ikawa kahawia. Mpakaji alitaka kunitia piko, eti inakolea. Inakolea kweli, kwa kuwa mara nyingi ni ileile dawa ya kupaka nywele nyeusi, na hiyo ikikukataa inaacha malengelenge kwa umbo la ua ulilochorwa. Nilisema nyayo na vidole tu, hina tupu.

Nywele zilinipa shida ya moyoni zaidi kuliko ya mkononi. Miaka yote sherehe kwangu ni wigi au rasta. Rasta nilizifikiria, nikakumbuka vipele vinavyonitoka pembezoni kila nikisukwa kwa kukazwa, na vile paji la uso linavyovutwa siku mbili za kwanza mpaka unaonekana umeshtuka. Wigi nalo, ukilala chali linasogea. Nikaamua nywele zangu. Alhamisi usiku nikaziosha, nikazitia mafuta kidogo, nikasuka uzi, mtindo ambao bibi yangu alinisuka nikiwa darasa la pili. Uzi unanyoosha nywele bila moto hata kidogo. Jumamosi asubuhi nikafumua, nikachambua kwa vidole, zikasimama kama wingu. Joto na unyevu wa Dar vikazirudisha nusu ndani ya saa moja. Sikujali, na picha tatu ninazozipenda kuliko zote ni za baada ya kurudi huko.

Nilizifukiza udi pia. Kamera haina pua, najua. Nilizifukiza tu.

Jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza ni alama za nguo. Mkanda wa sidiria, lastiki ya chupi, soksi, hata mtandio uliofungwa kwa nguvu, vyote vinaacha mfereji kwenye ngozi, na mfereji huo unaweza kukaa saa nzima au zaidi. Mpigapicha aliniagiza nije na kitu kisichobana popote. Kitu gani hicho kama si dera? Nikapanda bajaji kutoka Temeke hadi Mikocheni nimevaa dera na mtandio wa kujitupia, ndani hakuna kitu, kikapu nimekikumbatia kifuani, na kila tuta dereva anageuka kuniuliza, "Mama, uko salama?" Shanga zangu zilikuwa kwenye kikapu. Nazo huacha alama, kwa hiyo nilizivaa palepale studio, dakika ya mwisho.

Mpambaji alikuwa binti mdogo, mstaarabu, ananiita dada ingawa ningeweza kumzaa. Alitaka kupima fondesheni kwenye taya. Nikashusha dera: pima hapa, kifuani. Kwenye harusi umefunikwa, uso ukipishana na mwili watu wanakula pilau lao na kunyamaza. Huku uso, shingo, kifua na mabega vinakaa kwenye picha moja. Uso wangu umekolea kuliko kifua, kwa sababu ya jua la kituo cha daladala. Akachanganya rangi mbili, akaipaka, tukaisubiri kama dakika kumi, maana fondesheni nyingine hubadilika ikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Ikageuka kweli, ikawa na wekundu kidogo. Akaongeza tone la ile nyingine.

Jua la siku hiyo nililikinga kwa mtandio, sikupaka kinga ya jua. Zenye zinki au titani zinarudisha mwanga wa flashi, unatoka na uso mweupe kama umechungulia kwenye unga. Tulitumia mwanga wa dirisha zaidi, lakini flashi ilikuwepo.

Kisha binti akachukua brashi kubwa, akaanza kunipiga poda mabegani. Mpigapicha akamshika mkono. Akatueleza, na hili ndilo somo nililolipia: ngozi yetu kwenye picha haichongwi kwa weupe, inachongwa kwa mng'ao. Mwanga ukigusa mtulinga na kurudi, ndipo jicho linajua pale pana mfupa. Ukiumaliza mng'ao wote kwa poda, unabaki bapa, tena wa majivu. Kwa hiyo poda ilibaki puani, kidevuni na katikati ya paji la uso, na jasho tuliligandamiza kwa tishu bila kufuta. Mabegani, kwenye mtulinga na kwenye miundi nilipakwa matone machache ya mafuta ya nazi, nikiwa nimeshavaa. Nilisahau mpangilio huo mara moja tu, na gauni langu la kulalia la hariri lina doa hadi leo.

Kope za kubandika alizikata nusu. Ukilala chali mwanga ukatokea dirishani, kope ndefu zinaangusha kivuli machoni. Rangi ya mdomo tulichagua damu ya mzee, akaipaka, akabana kwa tishu, akaipaka tena. Alama ya bluu iliyokuwa pajani, zawadi ya kugongwa na droo ya dukani, aliitangulizia rangi ya chungwa kabla ya fondesheni, ikapotea kabisa. Akashuka tumboni na brashi ileile.

"Hiyo michirizi iache," nikamwambia. "Ina majina mawili, yako shuleni saa hizi."

Tulipiga picha kwa saa mbili na nusu. Ya mwisho nimejifunga kanga tu, mgongo kwa dirisha, maandishi yanasomeka vizuri: Japo sipati tamaa sikati. Mpigapicha alicheka, ikatoka imetikisika kidogo, nami nimeichukua hivyohivyo.

Nyumbani nikatoa vipodozi kwa mafuta ya nazi na kitambaa cha uvuguvugu, nikala wali wa jana, nikalala. Singo iliyobaki niliiweka kwenye friji, ndani ya kopo la Blue Band. Jumapili mume wangu, ambaye picha hajaziona na hajui kama zipo, akalitoa, akanusa, akanigeukia.

"Hii bizari ya pilau mbona leo ina mawaridi?"