Gari Linapoukataa Ufunguo Wake

Gari ambalo stata yake inazunguka vizuri lakini injini haiwaki huhukumiwa haraka sana hapa Mombasa. Kwanza hubadilishwa plagi, kisha pampu ya mafuta, na pesa zikishatumika ndipo hutajwa sekyuriti, yaani imobilaiza, na mwenye gari huambiwa atafute ufunguo mpya au akubali mfumo mzima ung'olewe. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na kinachonisikitisha ni kwamba hukumu hizo zote hutolewa kabla ya mtu kuitazama taa ndogo ya dashibodi, ambayo ingemwonyesha kwa sekunde chache pa kuanzia.

Imobilaiza ni kinga ya wizi iliyoenea katika miaka ya 1990, na Umoja wa Ulaya uliifanya lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu isiyo na betri. Swichi inapofunguliwa, koili iliyozunguka tundu la ufunguo hutoa mawimbi ya takriban kilohezi 125 au 134, ambayo huipa chipu nguvu kidogo inayoitosha kujibu. Koili hupiga hodi, chipu huitikia kwa namba yake, na kisanduku cha imobilaiza kikiitambua namba hiyo huiarifu kompyuta ya injini kwa msimbo wa siri. Pasipo maafikiano, kompyuta huzuia mafuta au cheche, ingawa katika magari mengi stata huendelea kuzunguka kana kwamba hakuna tatizo.

Kwa hiyo, katika ufunguo wa kuchomeka, betri ya rimoti haihusiki kabisa na kuwaka kwa injini. Kazi yake ni kufungua na kufunga milango. Hili ni muhimu kwa sababu watu wengi hununua kava mpya ya ufunguo, wakahamisha bamba la chuma na bodi ya rimoti, kisha wakaiacha kava ya zamani ikiwa na chipu ndani. Katika Toyota nyingi chipu hiyo ni kipande kidogo cheusi kilichochomekwa pembeni, na asiyekijua hadhani kuwa ni kitu cha umeme. Mama mmoja wa Kisauni alinijia akiwa ameshauziwa pampu mpya. Nilipoona ufunguo wake unang'aa nikamwuliza, "Mama, kava ya zamani iko wapi?" Akanijibu, "Wajukuu wanaichezea nyumbani, mwanangu." Ilipoletwa, chipu ilikuwa bado imo, na gari likawaka papo hapo.

Turudi kwenye taa. Katika Toyota nyingi zenye mfumo huu, taa nyekundu ya usalama humetameta ufunguo ukiwa nje, na huzimika ufunguo uliosajiliwa unapochomekwa. Ikiendelea kumetameta au ikibaki imewaka, ufunguo haujatambuliwa. Katika Honda nyingi kuna taa ya kijani yenye umbo la ufunguo, ambayo huwaka kwa muda mfupi na kuzimika. Ikimetameta mfululizo, maana yake ni ile ile. Taa ikizimika kama inavyotakiwa, basi ni vigumu kuilaumu imobilaiza, na fundi anapaswa kugeukia mafuta, cheche na sensa.

Kuna swali jingine ambalo halina budi kuulizwa mapema: je, gari hilo lina imobilaiza? Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hasa yale ya bei nafuu yenye ufunguo wa kawaida, hayakuwekewa mfumo huo kiwandani, na ndiyo yanayoshuka kwa wingi katika bandari yetu. Kumtoza mteja fedha za kusajili ufunguo wa gari lisilo na chipu ni dhuluma.

Taa ikithibitisha kwamba ufunguo umekataliwa, mimi huanza na mita ya volti. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imetulia, na wakati wa kupiga stata haifai kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Volti zikianguka sana, visanduku vya umeme hupoteza mawasiliano, na gari hukataa ufunguo ambao jana ulikubaliwa. Ndiyo maana magari yenye betri dhaifu hugoma baada ya foleni ya kivuko cha Likoni, pale dereva anapoizima injini na kuiacha feni na redio vikiendelea. Upepo wa bahari nao una sehemu yake. Nyaya za hasi zinazofungwa kwenye bodi ya gari hushika kutu chini ya boliti, kutu ambayo macho hayaioni hadi boliti ifunguliwe. Mimi hupima tofauti ya volti kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya gari stata ikizunguka. Ikipita sana volti 0.2, nasafisha viungo hivyo kwanza, na mara nyingi kazi huishia hapo.

Umeme ukiwa sawa, hujaribu ufunguo wa pili kama upo, na huondoa funguo nyingine zenye chipu kwenye mkufu, kwa sababu chipu mbili zikikaribiana na koili zinaweza kuingiliana. Hapo tu ndipo skana, mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta za gari, ina maana. Katika Toyota, msimbo B2793 huelekeza kwenye chipu yenyewe, B2795 husema ufunguo haukusajiliwa, na B2799 huhusu mawasiliano kati ya imobilaiza na kompyuta ya injini. Anayeona B2799 kisha akauza ufunguo mpya hakuisoma mashine yake.

Vifaa vilivyoongezwa baadaye vinastahili shaka ya pekee. Gari lililonunuliwa kwa mkopo mara nyingi hufungwa kifaa cha kulifuatilia chenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kukata mafuta au stata, na alamu za dukani hufanya vivyo hivyo. Rilei hizo zikiharibika, au viungo vyake vilivyofungwa kwa tepu vikilegea kwa joto, dalili hufanana sana na za imobilaiza, ila taa ya kiwandani husema ufunguo uko sawa.

Kwa magari ya kuwashwa kwa kitufe, betri ya rimoti ina kazi kubwa zaidi, lakini hata ikiisha kabisa gari huwa lina njia ya dharura. Katika Toyota nyingi, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza. Wapo waliovutwa kwa kamba kutoka Nyali hadi Changamwe kwa sababu hawakuambiwa hili na aliyewauzia gari.

Siungi mkono kung'oa imobilaiza ili gari liwake tu. Baada ya hapo, ufunguo wowote uliochongwa barabarani unaotoshea tundu utaliwasha, na nyaya zilizokatwa na kuunganishwa upya huzaa matatizo yasiyofuata mchoro wowote. Hata kompyuta ya injini iliyotoka gari jingine haihitaji ukatili huo: Toyota kadhaa huruhusu isajiliwe kwa kuunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi ya uchunguzi, ile inayochomekwa skana, swichi ikiwa imefunguliwa, kwa dakika 30. Ni kazi ya utaratibu, na fundi asiye na mchoro wa gari husika asiijaribu.

Anayekwenda kununua gari yadini adai funguo mbili. Kama upo mmoja, asajili wa pili wakati huo mmoja ungali unafanya kazi, kwa sababu funguo zote zikipotea baadhi ya Toyota za zamani hulazimu kisanduku cha imobilaiza kifunguliwe na kumbukumbu yake iandikwe upya. Na ufunguo wa pili ujaribiwe kwa kuwasha injini, kwa kuwa hata ufunguo usio na chipu hufungua mlango.